Kaka yangu mgonjwa ananitumia habari za "watafiti wamegundua" kila siku. Nimjibu nini?

SWALI: Shikamoo Profesa. Kaka yangu amegundulika kuwa na saratani ya puru. Madaktari wamempangia mionzi, kemotherapia, kisha upasuaji. Tangu siku hiyo simu haimtoki mkononi. Kila siku ananitumia habari inayoanza na "watafiti wa chuo kikuu fulani wamegundua". Leo ni mmea unaoua seli za saratani, kesho ni dawa iliyoponya wagonjwa wote, keshokutwa ni betri ya gari inayojaa kwa dakika tano, maana anasoma kila kitu. Mimi ni fundi cherehani, sayansi niliiacha shuleni. Miaka inapita na hayo mambo siyaoni. Je, vyuo vikuu vinatudanganya? Na nimjibu nini bila kumvunja moyo?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na poleni sana nyote wawili. Swali lako ni refu, lakini ugonjwa hausubiri, kwa hiyo naanza na lile la haraka.

Ile habari ya "dawa iliyoponya wagonjwa wote" si uzushi. Ilitoka mwaka 2022 katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York. Wagonjwa 12 wenye saratani ya puru, ugonjwa huohuo wa kaka yako, walipewa dawa iitwayo dostarlimab kupitia mshipa kila baada ya wiki tatu, kwa miezi sita. Wote 12 uvimbe ulitoweka. Kamera haikuuona, picha za MRI hazikuuona, daktari alipopapasa kwa kidole hakuukuta. Mpaka ripoti inaandikwa hakuna hata mmoja aliyekuwa amehitaji mionzi wala kisu.

Kitu ambacho habari nyingi zilikipitia haraka ni hiki: wagonjwa hao walichaguliwa. Kila mmoja wao alikuwa na uvimbe wa aina moja, ule ambao mfumo wa kurekebisha makosa ya DNA ndani ya seli umeharibika. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya puru, wenye uvimbe wa namna hiyo ni kama 5 hadi 10 tu. Kwa wengine wote, matokeo hayo hayawahusu.

Basi kaka yako amwulize daktari wake swali moja: "Je, uvimbe wangu umepimwa kuona kama mfumo wa kurekebisha DNA unafanya kazi?" Kipimo hicho hufanywa kwenye kile kipande cha nyama kilichochukuliwa siku alipochunguzwa, kwa hiyo kwa kawaida hahitaji kukatwa tena. Aulize kabla mionzi haijaanza. Jibu likiwa "mfumo wake ni mzima", kama ilivyo kwa walio wengi, basi matibabu aliyopangiwa ndiyo yenye ushahidi, na ayashike.

Sasa nije kwenye lile linalokuumiza kichwa, kama tunadanganywa.

Uongo wa makusudi upo, lakini ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kutiwa chumvi, na nasema hili kwa uchungu kwa sababu chumvi hiyo mara nyingi inatoka kwetu wenyewe. Watu huwalaumu waandishi wa habari. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walichukua taarifa 462 ambazo vyuo vikuu 20 vikubwa vya Uingereza viliwapelekea waandishi, wakazilinganisha na makala za kitaaluma zilizozaa taarifa hizo. Asilimia 40 ya taarifa zilitoa ushauri mkali kuliko makala yenyewe ilivyothubutu. Asilimia 33 ziligeuza "mambo haya mawili yanaonekana pamoja" kuwa "hili linasababisha lile". Na katika zile zilizohusu utafiti usio wa binadamu, asilimia 36 ziliruka kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu kupita watafiti walivyosema. Chuo kilipoliruka daraja hilo, asilimia 86 ya habari zilizochapishwa zililiruka nalo. Chuo kilipotulia, ni asilimia 10 tu zilizoruka zenyewe.

Hilo limewahi kunikuta. Miaka mingi iliyopita kundi letu lilionyesha kwamba kemikali moja inapunguza kasi ya kugawanyika kwa seli za uvimbe kwenye sahani ya maabara. Ofisi ya habari ya chuo nilichokuwa ilinitumia rasimu ya tangazo yenye neno "tiba" kwenye kichwa. Nilikuwa na haraka, nilibadilisha mambo mawili matatu ndani, kichwa nikakiacha. Wiki iliyofuata nilipokea barua za wagonjwa. Mmoja aliuliza aanze kuinywa lini. Barua ile ninayo mpaka leo, na ndiyo sababu najibu maswali kama lako kwa urefu.

Nataka kaka yako ajue kinachotokea nyuma ya maneno "inaua seli za saratani", kwa sababu habari za mimea karibu zote zinaanzia hapo. Seli hizo zimelala chini ya sahani ya plastiki yenye mashimo 96, kila shimo dogo kama kitundu cha kifungo kikubwa, zikiogelea kwenye maji mekundu yenye sukari na protini. Hakuna damu, hakuna ini, hakuna figo, hakuna tumbo la kuisaga dawa kabla haijafika. Mtafiti anadondosha kimiminika kilichokamuliwa kutoka kwenye mmea, anarudi baada ya siku mbili au tatu, anahesabu zilizokufa. Katika hali hiyo sabuni ya kuoshea vyombo inaua seli za saratani. Chumvi nyingi inaziua. Kuua seli kwenye sahani ni rahisi mno. Kazi ngumu ni kuziua na kumwacha mwenye mwili akiwa hai. Mimea si ya kudharauliwa: paclitaxel, dawa ya kemotherapia inayotumika duniani kote, ilitokana na gome la mti. Lakini ilianza kuchunguzwa miaka ya 1960 na ikaidhinishwa mwaka 1992. Miaka yote iliyo katikati ilikuwa ya kutafuta kipimo, njia ya kuiyeyusha, na madhara yake kwa binadamu.

Ngazi inayofuata ni panya. Panya wa maabara amenyolewa manyoya ubavuni, na chini ya ngozi yake kumepandikizwa seli za uvimbe. Mara mbili au tatu kwa wiki mtu anakuja na kalipa, kile kifaa cha fundi vyuma chenye taya mbili, anapima urefu na upana wa kinundu, anaandika kwenye daftari. Panya wote ni wachanga, wa ukoo mmoja, wanakula chakula kimoja, na uvimbe wao una umri wa wiki chache. Uvimbe wa binadamu umekua kwa miaka mingi ndani ya mtu mwenye historia yake, pengine na kisukari au shinikizo la damu. Ndiyo maana dawa nyingi zilizoponya panya zimeshindwa kwa watu. Hata zile zinazofanikiwa kuingia kwenye majaribio ya binadamu, zinazofika hadi kuidhinishwa ni takriban 1 kati ya 10, na kwa dawa za saratani ni karibu 1 kati ya 20.

Kuna jambo lingine linalotusumbua sisi wenyewe wataalamu. Mwaka 2012 wanasayansi waliofanya kazi kampuni ya dawa ya Amgen walieleza kwamba walijaribu kurudia tafiti 53 za saratani zilizosifika sana. Walizopata matokeo yaleyale zilikuwa 6. Watu hudhani makala ikishapitiwa na wataalamu wenza basi imehakikishwa. Mimi ni mmoja wa hao wanaopitia. Ninapewa makala, ninaisoma jioni kadhaa, ninauliza maswali, ninadai jedwali linalokosekana. Siendi maabarani kwao. Sirudii jaribio. Ninachoweza kusema ni kwamba kazi imefanywa kwa njia inayoeleweka na hitimisho halijapita data. Uthibitisho huja baadaye, watu wengine wakiwa na vifaa vingine wanapopata jibu lilelile.

Turudi kwa dostarlimab, maana historia yake inajibu kile kilio chako cha "miaka inapita na siyaoni".

Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, kundi la Tasuku Honjo lilikuwa linatafuta jeni zinazohusika na kufa kwa seli. Wakakuta moja wasiyoijua kazi yake, wakaiita PD-1. Hakukuwa na neno la tiba ya saratani hapo. Ilichukua miaka kadhaa kuelewa: mwaka 1999 walionyesha kwamba panya waliozaliwa bila jeni hiyo hupata ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Kumbe PD-1 ni breki. Inazuia askari wa kinga wasivuke mpaka. Na uvimbe wa saratani umejifunza kuikanyaga breki hiyo ili askari wasimame. Kutoka hapo wazo likawa wazi: tengeneza kingamwili inayoizuia breki isikanyagwe. James Allison huko Marekani alikuwa anafuata breki nyingine, iitwayo CTLA-4, kwa fikra hiyohiyo. Dawa za kwanza za kuzuia PD-1 ziliidhinishwa mwaka 2014, kwa saratani ya ngozi, na dostarlimab ni ya ukoo huohuo. Honjo na Allison walipata tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Sasa fikiria uvimbe ambao mfumo wake wa kurekebisha DNA umeharibika. Kila seli inapogawanyika, makosa yanabaki bila kusahihishwa, yanarundikana kwa mamia na maelfu, na seli inaanza kutoa protini za ajabu ambazo kinga inaziona kama za mgeni. Askari wako mlangoni tayari, ni breki tu inayowazuia. Ukiiondoa breki, wanaingia kwa kishindo. Ndiyo maana uvimbe wa wale 12 ulitoweka kwa namna ile, na ndiyo maana dawa ileile haifanyi hivyo kwa uvimbe wenye makosa machache. Kutoka kwenye jeni isiyojulikana kazi hadi kwa wale wagonjwa wa New York ni miaka 30.

Na wagonjwa 12, binti yangu, ni wachache sana. Nilipoisoma makala ile nilifurahi, kisha nikasubiri. Mwaka 2025 kundi hilohilo lilitoa ripoti ya wagonjwa 49 wa saratani ya puru ya aina hiyo waliomaliza dawa, na wote 49 uvimbe ulikuwa umetoweka. Hapo nilipumua. Bado wanafuatiliwa kuona kama utarudi, lakini 12 walipokuwa 49 na picha isibadilike, neno "labda" lilipungua uzito.

Utaniuliza: mbona hapo hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo? Kwa sababu uvimbe wa puru hautoweki wenyewe, kwa hiyo wote kutoweka kunatosha kuonyesha kwamba dawa ndiyo iliyofanya kazi. Lakini hali kama hiyo ni nadra. Kwa kawaida tofauti ni ndogo, na bila kundi la kulinganisha tunajidanganya. Mfano ulio wazi ni wa dexamethasone, dawa ya zamani na rahisi, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa UVIKO-19 katika jaribio la RECOVERY lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2020. Wagonjwa 2,104 waligawiwa dawa hiyo kwa bahati nasibu, na 4,321 walipata huduma ya kawaida. Kati ya waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, ndani ya siku 28 walikufa asilimia 29.3 waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 41.4 wasiopewa. Kwa waliohitaji oksijeni tu, asilimia 23.3 dhidi ya 26.2. Na kwa wasiohitaji oksijeni kabisa hakukuonekana faida, na namba zilielekea upande wa madhara. Dawa moja, ugonjwa mmoja, majibu matatu. Daktari mmoja akiwa na wagonjwa wake ishirini asingeweza kuliona hilo hata angekuwa na macho makali kiasi gani.

Kuna mtego wa ndani zaidi, nao huwanasa hata madaktari: kupima kitu kilicho karibu na kile unachokitaka, badala ya chenyewe. Watu waliopata shambulio la moyo wakati mwingine hubaki na mapigo ya ziada, na wenye mapigo hayo hufa zaidi. Kukawa na dawa, encainide na flecainide, zinazoyanyamazisha mapigo hayo vizuri kabisa. Kila mtu aliona ni jambo la busara kuzitumia. Kisha zikajaribiwa kwa haki: wagonjwa 755 walipewa dawa, 743 walipewa kidonge kisicho na dawa ndani. Ripoti kamili ya mwaka 1991 ilionyesha vifo 63 upande wa dawa na 26 upande wa kidonge tupu. Moyo ulikuwa umetulizwa, na wenye mioyo wakafa zaidi. Kwa hiyo habari ikisema dawa mpya "imepunguza alama ya saratani kwenye damu" au "imepunguza ukubwa wa uvimbe", uliza kama watu waliishi zaidi, au waliishi vizuri zaidi. Hicho ndicho mgonjwa anachotafuta.

Namba za asilimia nazo zina ujanja wake. Kaka yako bila shaka ameshakutana na ile ya nyama iliyosindikwa. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulisema kula gramu 50 za nyama hiyo kila siku kunaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana na puru kwa asilimia 18. Ni kweli. Lakini asilimia 18 ya nini? Kama kati ya watu 100 ni 5 wangeugua katika maisha yao, basi kwa walaji wa kila siku ni kama 6. Ni mmoja zaidi katika 100. Kwa taifa zima huyo mmoja ni watu wengi, na serikali inafanya sawa kuonya. Kwa mtu mmoja aliyekwisha kuugua, hesabu hiyo haiwezi kumwambia kwamba ni sahani fulani iliyomletea ugonjwa. Kama anajilaumu kwa alichokula, mwondolee mzigo huo.

Betri nayo ni habari hiyohiyo, ila imevaa nguo nyingine. Ile "inayojaa kwa dakika tano" kwa kawaida ni kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati, kimeunganishwa kwa mkono ndani ya sanduku la kioo lililojazwa gesi ya agoni ili unyevu usiingie. Mtafiti ameingiza mikono kwenye glovu nene zilizoshonewa ukutani mwa sanduku. Ndani yake mna miligramu chache za kitu kipya, mara nyingi kimepakwa kwa utando mwembamba sana, na kimiminika cha kupitishia umeme kimewekwa kwa ukarimu kuliko kiwanda kinavyoweza kuweka. Utando ukiwa mwembamba, ayoni, yaani chembe zinazobeba umeme ndani ya betri, zina safari fupi, kwa hiyo kujaa haraka si muujiza. Ukiufanya mnene ili betri ibebe nishati ya kuendesha gari, safari inakuwa ndefu, joto linapanda, na dakika tano zinageuka kitu kingine. Na namba ya nishati kwa kilo mara nyingi imehesabiwa kwa uzito wa ile miligramu peke yake. Ganda, nyaya na vingine vyote havikuwekwa kwenye mizani.

Wewe ni fundi cherehani, utalielewa hili kuliko wanafunzi wangu. Kipande cha kitambaa unacholetewa na muuzaji kinang'aa mkononi. Hujui kama kitachuja, kitaruka, au kitapungua mpaka kifuliwe mara ishirini na kuvaliwa juani. Betri inauliza hivyohivyo: baada ya kuchajiwa na kutumika mara elfu moja, imebaki na asilimia ngapi ya uwezo wake? Kama habari haina jibu la swali hilo, bado uko na kipande cha muuzaji.

Hata hivyo vitu hivyo hufika. Betri iliyo kwenye simu ya kaka yako ilipitia Oxford, ambako mwaka 1980 kundi la John Goodenough lilionyesha kwamba oksaidi ya kobalti inaweza kuhifadhi na kuachia lithiamu. Akira Yoshino akapata upande wa pili ulio salama mwaka 1985, na Sony ikaanza kuziuza mwaka 1991. Goodenough alipopewa Nobel mwaka 2019, pamoja na Yoshino na Stanley Whittingham, alikuwa na miaka 97. Seli za jua za perovskaiti, yaani vipande vya kugeuza mwanga kuwa umeme vinavyotumia fuwele za aina mpya badala ya silikoni, ziko njiani bado: mwaka 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka huko Yokohama lilibadilisha asilimia 3.8 ya nishati ya mwanga kuwa umeme, na leo maabara zinapita asilimia 25. Ni mwendo wa kasi ajabu. Kinachozichelewesha ni mvua na joto, kwa sababu paneli ya silikoni inauzwa kwa dhamana ya miaka 25 na perovskaiti huharibiwa na unyevu.

Katika fizikia kuna jozi moja ya matukio ninayopenda kuwaeleza wanafunzi, kwa sababu inaonyesha tabia, na tabia ndiyo itakayokusaidia wewe usiyeweza kukagua hesabu. Tarehe 23 Machi 1989, Chuo Kikuu cha Utah kiliitisha mkutano na waandishi na kutangaza kwamba wanakemia wawili, Stanley Pons na Martin Fleischmann, wamepata myunganiko wa nyuklia, ile nguvu inayowasha jua, kwenye chombo cha mezani. Makala ilikuwa bado haijatoka. Dunia ikakimbilia kurudia, maabara baada ya maabara, na matokeo hayakuthibitika. Miaka 22 baadaye, mwaka 2011, kundi la watafiti liitwalo OPERA lilipima nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zilizosafiri kilomita 730 chini ya ardhi kutoka CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, na zikaonekana kufika nanosekunde 60, yaani sehemu 60 za bilioni za sekunde, kabla ya muda ambao mwanga ungetumia. Kama ni kweli, fizikia yote inayumba, maana hakuna kinachopaswa kuupita mwanga. Walifanya nini? Waliweka data yao wazi, wakasema hawaoni kosa liko wapi, wakawaomba wenzao wawasaidie kulitafuta. Miezi michache baadaye wenyewe wakakuta waya wa nyuzi za mwanga uliokuwa haukukazwa vizuri. Makundi yote mawili yalikosea. Lakini la pili ningelikabidhi ugonjwa wa ndugu yangu.

Na jambo ambalo wasomaji hawalitarajii: kubwa kabisa huweza kuja bila tarumbeta. Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha kwamba ukirekebisha kidogo herufi za mRNA, ule ujumbe unaoiambia seli itengeneze protini gani, mwili haupandwi na hasira ya kinga unapoipokea. Hakukuwa na shangwe. Miaka 15 baadaye chanjo za mRNA za UVIKO-19 zilisimama juu ya kazi hiyo, na mwaka 2023 wakapewa Nobel.

Sasa kaka yako. Usimwambie "achana na hayo mambo". Anatafuta, na kutafuta ni haki yake. Habari ikija, isomeni pamoja mkitafuta neno moja tu: waliopimwa ni nani? Likiwa "seli" au "panya", mwambie, "Hii si ya mwaka huu, tuiweke." Likiwa "wagonjwa", ulizeni wangapi, ugonjwa gani hasa, walilinganishwa na nani, na ni nini kilichopimwa. Ikifanana na yake, aichapishe au aihifadhi kwenye simu na kuipeleka kwa daktari. Daktari mwema hatachukia. Kama kuna jaribio linaloendelea linalomfaa, daktari anaweza kuliangalia kwenye sajili ya majaribio iliyo wazi kwa kila mtu. Mtu akimwuzia mmea na kumwambia aache mionzi, hapo usiwe mpole. Na hata asiyeacha matibabu asinywe chochote pembeni bila kumwambia daktari, maana baadhi ya mimea hubadilisha namna ini linavyoshughulikia dawa za kemotherapia, na dozi iliyopimwa kwa uangalifu ikawa nyingi mno au kidogo mno.

Mumwulize daktari kuhusu kipimo cha kile kipande cha nyama katika miadi inayofuata, na kama miadi iko mbali, piga simu kesho. Majibu yakitoka yataandikwa kwa maneno magumu. Nitumie maneno hayo kama yalivyo, bila jina lake, nitakueleza kila mstari.